Ugumu si Ulinzi: Uhakiki wa Sentensi Moja juu ya Mabamba Mepesi na Kishindo

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki sentensi moja tu. Huenda msomaji akaona kwamba sentensi moja ni kitu kidogo mno kujaziwa kurasa za jarida. Tunamwomba asubiri. Sentensi yenyewe tuliipata Namswea, katika Wilaya ya Mbinga, tulikokwenda kukusanya maneno ya kilimo cha milimani. Mwalimu mmoja wa sayansi, aliposikia kwamba sisi ni watu wa istilahi, alikwenda chumbani kwake akatuletea kitini kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ambacho alikuwa amegawiwa katika semina ya walimu. Kitini kilihusu vifaa vyepesi vya metali na namna vinavyokabili mapigo. Mwalimu alikuwa ameipigia mstari mwekundu sentensi hii:

“Miundo ya sandwichi ya metali ni migumu sana, na kwa sababu hiyo hustahimili mizigo ya athari bila kuharibika.”

“Ndugu zangu,” alituambia, “niliwasomea wanafunzi maneno haya, nikatoa mfano wa kofia ya pikipiki, kwamba nayo ina ganda juu na povu ndani. Mmoja akaniuliza: kama kitu hiki hakiharibiki, mbona tunaambiwa kwamba kofia iliyokwisha kuanguka kwa nguvu itupwe? Nikakosa jibu.”

Mwanafunzi huyo alikuwa amefikiri sawasawa. Kilichompotosha ni tafsiri. Ukiitazama sentensi kwa jicho la sarufi, haina dosari: upatanisho umekaa mahali pake na mpangilio wa maneno ni wa Kiswahili. Lakini ukiitazama kwa jicho la maana, mambo manne ndani yake, yaani “mizigo ya athari”, “migumu”, “bila kuharibika” na “sandwichi”, yanampeleka msomaji mbali na ukweli. Tutayachunguza moja moja. Hatumtaji mfasiri, wala hatukusudii kumfedhehesha. Sehemu ya lawama ni yetu sisi wasanifu wa istilahi, ambao mara nyingi huyafikisha maneno sokoni baada ya wanunuzi kwisha kuondoka.

KITU CHENYEWE

Haifai kulihakiki jina kabla ya kukijua kitu. Mfasiri na mwalimu wasio na maabara wanaweza kukiona kitu hiki katika boksi la katoni la dukani. Chana ukingo wake utazame: kuna karatasi mbili za nje zilizonyooka, na katikati kuna karatasi ya tatu iliyokunjwa migongomigongo na kugandishwa kwa gundi. Karatasi moja moja hukunjika kwa kidole. Zikiunganishwa hivyo hubeba chupa ishirini na nne za soda.

Wahandisi hufanya jambo hilohilo kwa metali. Huchukua mabamba mawili membamba, aghalabu ya alumini au ya chuma, ambayo katika makala haya tutayaita ngozi. Katikati huweka kitu kinene lakini chepesi, ambacho tutakiita kiini. Kiini chaweza kuwa sega la alumini lenye vijumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Chaweza kuwa povu la metali. Chaweza kuwa bati la migongo. Au chaweza kuwa vijiti vilivyofumwa mfano wa kimia. Ngozi na kiini hushikamanishwa kwa gundi au kwa kuchomelewa.

Faida yake yaonekana kwa hesabu ndogo. Chukua mabamba mawili ya alumini, kila moja lenye unene wa milimita 1. Yashikamanishe yawe bamba moja la milimita 2, kisha pima linavyokataa kupinda. Sasa yatenganishe mabamba hayohayo kwa kiini cha sega chenye unene wa milimita 20. Iwapo kiini kinazishika ngozi barabara, ukinzani dhidi ya kupinda huongezeka zaidi ya mara 300. Na uzito je? Ngozi mbili zina uzito wa kilo 5.4 kwa kila mita ya mraba. Kiini cha kilo 80 kwa mita ya ujazo, ambacho ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa alumini isiyo na uwazi, huongeza kilo 1.6. Siri imo katika umbali: bamba linapopindwa, ngozi moja huvutwa na nyingine hugandamizwa, na kadiri zinavyokaa mbalimbali ndivyo kazi ya kulipinda inavyokuwa ngumu.

Maarifa haya si ya jana. Ndege ya Kiingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1940, ilijengwa kwa ngozi za mbao nyembamba na kiini cha mti mwepesi wa balsa. Leo sakafu, milango na mabawa ya ndege nyingi za abiria yana sehemu zilizojengwa kwa namna hii, ama kwa ngozi za alumini ama kwa ngozi za nyuzi zilizogandishwa. Hata gari la kusafirishia samaki wabichi lina kuta za aina hiyo: ngozi mbili na povu katikati, ingawa kazi kuu ya povu hilo ni kuzuia joto.

Basi kitu hiki si kigeni kwetu, na ndiyo maana si halali kukieleza kwa maneno ya kubahatisha.

“MZIGO WA ATHARI”

Neno la Kiingereza alilokutana nalo mfasiri lina maana mbili: kitendo cha kitu kugonga kitu, na matokeo yanayobaki baada ya jambo kutendeka. Katika ripoti za serikali na za miradi maana ya pili ndiyo inayotawala: athari za mvua, athari za sera, athari za mikopo. Mtumishi wa ofisi huliandika neno “athari” kila wiki. Mfasiri alipoliona neno lilelile la Kiingereza katika kitabu cha uhandisi, mkono wake ulikwenda wenyewe palipozoeleka.

Lakini athari ni kile kinachobaki. Jiwe likiangukia bati, kuanguka kwake si athari. Athari ni bonde lililobaki katika bati. Kusema “mzigo wa athari” ni kuliweka tokeo mahali pa sababu. Mwanafunzi anayesoma hivyo atadhani kwamba upo mzigo unaotokana na athari fulani iliyotangulia, naye ataitafuta athari hiyo asiione.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoweza kuijaza nafasi hii. Lipo pigo, ambalo ni fupi na linafahamika, lakini humdai mpigaji, na tena limekwisha kuchukua maana ya msiba. Lipo dharuba, neno zuri lenye nguvu, ila mabaharia wa pwani wanalitumia kwa upepo na mawimbi, na si vyema kuwanyang’anya. Upo mgongano, lakini mgongano unataka vitu viwili vinavyokwenda, au angalau vinavyokutana kwa usawa, kama magari. Lipo kishindo. Neno hili kamusi hulieleza kwa sauti ya kitu kizito kinachoanguka. Hata hivyo, mtu asikiapo kishindo hapati sauti peke yake: hupata uzito, hupata mwendo, na zaidi ya yote hupata ghafla. Hayo matatu ndiyo hasa anayoyataka mhandisi.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mzigo wa kishindo, upambanuliwe na mzigo tuli. Gunia la kahawa lililolala juu ya sakafu ya ghala ni mzigo tuli. Gunia hilohilo likiporomoka kutoka juu ya shehena ni mzigo wa kishindo. Uzito haukubadilika, muda ndio uliobadilika. Jozi hii ya istilahi ina sifa ya kukaa pamoja, na mwalimu akifundisha moja amekwisha kuifungulia mlango nyingine.

“MIGUMU SANA”

Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, na ndipo lugha yetu inapodhulumiwa bila sababu. Mfasiri alikuwa na maneno manne mkononi, akayamwaga yote katika chungu kimoja cha “ugumu”. Wahandisi huyatenga mambo haya manne kwa uangalifu mkubwa, na Kiswahili kinaweza kuyatenga vilevile.

Kwanza, ugumu. Kitu kigumu hakikwaruziki wala hakitobolewi kwa urahisi usoni pake. Kioo ni kigumu.

Pili, ukakamavu. Kitu kikakamavu hakipindi wala hakinyooki kwa urahisi kinapobebeshwa mzigo. Twasema mkono umekakamaa, maana yake haukunjiki. Hii ndiyo sifa iliyoongezeka mara 300 katika hesabu yetu ya hapo juu. Alumini haikuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Tatu, uimara. Kitu imara hubeba mzigo mkubwa kabla ya kushindwa.

Nne, ustahimilivu. Kitu stahimilivu humeza nishati nyingi kabla ya kukatika vipande. Chaweza kubonyea, kunyumbuka na kukunjamana, lakini hakiachani.

Ili tusionekane kucheza na maneno, natutazame jikoni. Chungu cha udongo kilichochomwa vizuri ni kigumu kuliko sufuria ya alumini. Ukikwaruzanisha viwili hivyo, sufuria ndiyo itakayochubuka. Viangushe vyote viwili sakafuni. Chungu, pamoja na ugumu wake, ni vigae. Sufuria imebonyea, nayo kesho itapikiwa ugali. Wazee waliposema samaki mkunje angali mbichi, walikuwa wakisema juu ya malezi. Lakini mfano walioutumia ni wa elimu ya maada kabisa. Samaki mbichi hukunjika. Akikauka huwa mgumu zaidi, naye akikunjwa huvunjika. Wavuvi wa Mbamba Bay wanaoanika dagaa wanalijua hilo bila kitabu.

Basi bamba lenye ngozi na kiini ni kakamavu kwa uzito wake mdogo, na likisanifiwa vizuri huwa stahimilivu. Kusema kwamba ni “gumu sana”, na kwamba hustahimili kishindo “kwa sababu hiyo”, ni kugeuza mambo juu chini. Ugumu peke yake ndio unaokivunja chungu.

“BILA KUHARIBIKA”

Tukiingia katika kishindo chenyewe, tutaona kwamba neno hili la mfasiri si kwamba limepotoka kidogo, limesema kinyume.

Tuchukue kitu chenye uzito wa kilo 60, sawa na gunia la kahawa safi, lakini kiwe kigumu kama jiwe, nacho kianguke kutoka kimo cha mita 1. Kinapofika chini kina nishati ya takriban jouli 590. Nishati hiyo haiwezi kupotea hivihivi; lazima itumike mahali fulani. Kikisimamishwa ndani ya milimita 2, kani ya wastani itakuwa takriban nyutoni 295,000. Kikisimamishwa ndani ya milimita 20, itakuwa nyutoni 29,500, yaani sehemu moja ya kumi. Kitu ni kilekile na kimo ni kilekile. Tofauti ni kwamba mara ya pili kilipewa nafasi ya kusimama polepole.

Kazi ya kiini ni kuitoa nafasi hiyo. Kitu kinapogonga ngozi ya nje, ngozi hubonyea na kulitawanya pigo juu ya eneo pana zaidi la kiini. Kuta za vijumba vya sega huanza kukunjamana, mkunjo mmoja baada ya mwingine, na kila mkunjo hula sehemu ya nishati. Katika hatua hii kani hukaa karibu katika kiwango kimoja huku kiini kikizidi kupungua unene. Hiyo ndiyo sifa inayowafanya wahandisi walipende sega: halisukumi kwa nguvu zaidi na zaidi kama springi, wala haliirudishi nishati kwa kuruka. Mwishowe vijumba hujaa mikunjo, kiini hushindilika, na kani hupanda ghafla. Ikiwa nishati ilikuwa imekwisha kabla ya hapo, aliye nyuma yake amesalimika. Ikiwa bado ipo, kiini hakina kitu tena cha kutoa.

Kwa hiyo kiini kina kadiri yake. Kikiwa dhaifu mno, hushindilika mapema kabla ya kuimaliza nishati. Kikiwa imara mno, hakibonyei kabisa, nalo pigo hupita moja kwa moja kwenda kwa anayelindwa. Ziko pia njia nyingine za kushindwa: ngozi ya nje yaweza kutoboka; ngozi yaweza kufanya makunyanzi; kiini chaweza kupasuka mshazari; na gundi yaweza kuachia, ngozi ikabanduka. Bamba lililobanduka laweza kuonekana zima, kumbe ni karatasi mbili zisizojuana. Mwaka 2004 Fleck na Deshpande, walipochunguza mabamba ya aina hii yanapopigwa na wimbi la mlipuko, waliigawa safari yote katika hatua tatu: kwanza wimbi huipa ngozi ya mbele mwendo, pili kiini hugandamizwa, tatu bamba zima hupinda na kuvutika mpaka likasimama. Katika hatua mbili za mwisho, kinacholinda ni kubadilika kwa umbo kusikorudi.

Mfano mashuhuri kuliko yote ulitokea mbali sana na Ruvuma. Chombo kilichowatua Neil Armstrong na Buzz Aldrin mwezini tarehe 20 Julai 1969 kilikuwa na miguu ambayo ndani yake mlipachikwa masega ya alumini. Masega hayo yaliwekwa ili yabonyee mara moja tu, wakati wa kutua, kisha kazi yao iwe imekwisha. Armstrong alikitua chombo taratibu mno, masega yakabonyea kidogo tu, na ngazi ikabaki juu kuliko ilivyotazamiwa. Hakuna mhandisi ambaye angeandika kwamba masega yale yaliwekwa ili yasiharibike.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa Namswea na kofia yake. Kofia ya pikipiki si bamba la metali, lakini kanuni yake ni jamaa wa karibu: ganda nje, povu ndani. Ganda hulitawanya pigo na kuzuia kutobolewa. Povu hubonyea na kumeza nishati, na likishabonyea halirudi tena kama zamani. Ndiyo maana kofia iliyopata kishindo kikubwa hutupwa hata kama ganda lake bado linang’aa. Ilikwisha kuitoa nafasi iliyokuwa nayo, na haina nyingine.

Tazama, basi, tunavyoiita: kofia ngumu. Jina hili limeenea mijini na vijijini, katika matangazo na katika vinywa vya askari wa barabarani. Hatusemi kwamba ni uwongo, kwa kuwa ganda ni gumu kweli na lina kazi yake. Twasema kwamba ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo inayookoa ubongo. Kijana wa bodaboda aliyefundishwa kwamba kinga ni ugumu atanunua ganda tupu lisilo na povu, maana analigonga kwa kidole analisikia gumu. Atalichomoa povu lililochakaa kwa kuwa linamwasha, abaki na ganda. Atavaa kofia iliyokwisha kuanguka, kwa kuwa haikupasuka. Katika yote matatu atakuwa ameitii lugha tuliyompa. Istilahi mbaya ya fasihi huleta mjadala. Istilahi mbaya ya namna hii yaweza kuleta jeneza.

“SANDWICHI”

Limebaki jina la kitu chenyewe. Neno “sandwichi” lina watetezi, na hoja zao si za kudharau. Ni neno la kimataifa. Mwanafunzi akifungua kitabu cha Kiingereza atalikuta. Na hotelini limekwisha kuzoeleka. Hatulipingi kwa sababu ya ugeni wake, kwani Kiswahili kimepokea maneno mengi ya kigeni na kuyafanya ya nyumbani. Twalipinga kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni picha. Neno hili limetokana na cheo cha mkabaila mmoja wa Kiingereza wa karne ya 18 ambaye chakula hicho kilipewa jina lake. Katika mkate huo kilicho muhimu ni kile cha katikati, na mikate ya nje hushikilia tu. Katika bamba letu sivyo. Ngozi hubeba mvuto na mgandamizo, kiini huzitenganisha na kumeza kishindo, gundi huvifunga pamoja, na kimoja kikishindwa vyote vimeshindwa.

Ya pili ni uzao. Istilahi nzuri huzaa. Kutoka “sandwichi” tutapata “sandwichi ya sega”, “sandwichi ya povu la metali”, na mlolongo mrefu usioingia katika kichwa cha jedwali. Tukisema bamba-kiini kwa jina la jumla, twaweza kusema bamba-sega, bamba-povu, bamba-migongo na bamba-kimia kwa aina zake. Maneno yote ni ya Kiswahili, yote ni mafupi, na kila moja linamwonyesha msomaji kilichomo ndani.

Wapo waliotushauri tutazame pia lugha za Kibantu za mahali, kama ilivyo kanuni ya kazi yetu, tena hasa kwa kuwa Mbinga kuna ngoro. Shauri hili linastahili kujibiwa kwa urefu kidogo. Kwenye miteremko mikali ya milima yao, Wamatengo hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzipanga katika mistari inayokatana mpaka mteremko wote ukawa miraba. Baadaye udongo huchimbwa kutoka katikati ya kila mraba na kurundikwa juu ya nyasi. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na kingo, na ndani ya kila ukingo kuna nyasi zilizofukiwa zinazooza na kurutubisha. Maharage na mahindi hupandwa juu ya kingo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliuchunguza mfumo huu katika miaka ya 1990. Mtu akisimama mlima wa pili akatazama, huona sega kubwa lililolazwa juu ya ardhi.

Mfano unakwenda mbali zaidi ya umbo. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayapati njia ndefu ya kukusanya mwendo. Kila shimo hushika sehemu yake, huyapunguzia kasi na kuyanywesha ardhini, hata nguvu ambayo ingeuchukua mteremko mzima hugawanywa katika mashimo mengi. Mwalimu wa Mbinga anayetaka kueleza kwa nini sega hukabili kishindo hana haja ya picha ya chombo cha mwezini. Na awatoe wanafunzi nje.

Hata hivyo, hatupendekezi “ngoro” iwe istilahi ya kiini cha sega. Ngoro ni jina la kitu kamili chenye nyasi, udongo, msimu na mgawanyo wa kazi kati ya wanaume na wanawake. Tukilichukua kwa ajili ya alumini, tutakuwa tumelipunguza bila kuitajirisha alumini, kwa kuwa “sega” lilikuwepo tayari. Ngoro ibaki kuwa mfano wa kufundishia, na iingizwe katika istilahi za kilimo kwa maana yake yenyewe. Kukopa kutoka kwa wenye lugha kusiwe kuwanyang’anya.

MAPENDEKEZO

Kwa kifupi, tunawaletea wasomaji istilahi zifuatazo wazijaribu darasani, karakanani na ofisini:

1. bamba-kiini (wingi: mabamba-kiini): bamba lenye ngozi mbili nyembamba na kiini chepesi kati yake. Aina zake: bamba-sega, bamba-povu, bamba-migongo, bamba-kimia.
2. ngozi: tabaka la nje la bamba-kiini.
3. kiini: tabaka nene na jepesi la katikati.
4. mzigo wa kishindo: mzigo unaokuja ghafla, kinyume chake ni mzigo tuli.
5. ugumu, ukakamavu, uimara, ustahimilivu: maneno manne yasiyobadilishana.
6. kubonyea: kuingia ndani kwa kugandamizwa. Kukunjamana: kukunjika kwa kuta za vijumba.
7. kushindilika: hali ya kiini kilichokwisha nafasi ya kubonyea.
8. kubanduka: kuachana kwa ngozi na kiini.
9. kofia kinga: jina la kutumiwa katika maandishi ya mafunzo badala ya “kofia ngumu”. Pale ambapo jina la zamani haliepukiki, maelezo ya povu la ndani yasikosekane.

Kwa istilahi hizi, ile sentensi ya kitini yaweza kuandikwa hivi: “Mabamba-kiini ya metali ni mepesi na kakamavu, yapatapo mzigo wa kishindo, kiini chake hubonyea na kukunjamana, na kwa kuharibika huko humeza nishati ambayo ingemfikia anayelindwa.”

Sentensi hii ni ndefu kuliko ya kwanza. Hatuoni aibu juu ya urefu huo. Mwanafunzi akiisoma hatauliza kwa nini kofia itupwe, kwa sababu jibu amelikuta humohumo.

HITIMISHO

Mfasiri wa maandishi ya ufundi aghalabu hujiuliza kama neno lake ni sanifu, kama lina asili ya Kibantu au ya Kiarabu, na kama limo katika kamusi. Maswali hayo ni ya haki, lakini yatanguliwe na swali moja: je, mtu akiliamini neno hili, atatenda nini? Aliyeambiwa kwamba kitu kimesalimika kwa kuwa ni kigumu atatafuta ugumu. Aliyeambiwa kwamba kimeokoa kwa kubonyea atakikagua, na akikikuta kimebonyea atakibadilisha.

Tulimwachia mwalimu wa Namswea nakala ya sentensi ya pili, naye aliahidi kutuandikia wanafunzi watakavyoipokea. Tunawaomba na wasomaji wengine, hasa walimu wa ufundi, mafundi pikipiki na wafasiri wa maandishi ya usalama barabarani, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya. Ikiwa yapo maneno bora zaidi yanayotumika tayari katika karakana zao, tutafurahi kuyaondoa ya kwetu.